Mjadala: Jeraha kwenye gemu liigize tiba ya kweli, au likuache ucheze?

Mtoa mada:
Wadau, naanza bila kuzunguka. Mifumo ya majeraha inayojidai kuiga tiba halisi imevuka kipimo, na kilichoongezeka si uhalisia, ni vitufe vya kubonyeza. Doom ya 1993 ilikuwa na kiboksi kidogo cha uhai 10 na kikubwa cha 25. Unakikanyaga, unaendelea na vita. Leo Escape from Tarkov inakugawa mwili vipande saba: kichwa 35, kifua 85, tumbo 70, kila mkono 60, kila mguu 65, jumla 440. Juu yake kuna kuvuja damu kidogo, kuvuja damu kwingi, kuvunjika mfupa na maumivu, na karibu kila kimoja kina dawa yake mkobani. Anayeutetea mfumo huu anionyeshe uamuzi ambao mchezaji anaufanya pale na ambao Doom haikumpa. Ukivuja damu unafunga bandeji, hakuna anayekaa kufikiria asifunge. Hatua isiyo na mbadala si uamuzi, ni ushuru.

banzi_na_kamba:
Mkuu, mifano yote miwili umeisoma nusu. Kwenye Doom, ukiwa na uhai 95 ukakanyaga kiboksi cha 25, unapata 5 na 20 zinapotea, kwa sababu viboksi hivyo havivuki 100. Kwa hiyo wachezaji wazuri hukiacha pale chini, hukumbuka kilipo, hurudi wakishaumia. Uamuzi upo, ila umefichwa kwenye ramani.

Tarkov nayo, watu wanaacha kufunga bandeji kila siku. Kufunga kunataka uishushe bunduki, na adui yuko nyuma ya mlango. Damu ikivuja kidogo unaiacha, unamaliza mapigano kwanza. Mguu ukifika sifuri hufi kwa huo mguu, ila kila risasi nyingine inayoupata inasambaza madhara kwenye viungo vilivyobaki. Hapo una njia mbili. Umeze dawa ya maumivu, inayokuwezesha kukimbia na mguu huo, uwahi njia ya kutokea kwenye ramani kabla dawa haijaisha nguvu, au ujifiche ufanye upasuaji, ambao unakula sekunde nyingi na unakirudisha kiungo kikiwa na kikomo cha uhai kilichopungua. Huo ushuru uko wapi?

dripu500:
Wote mnasema "uhalisia" kana kwamba upo, na haupo. Metal Gear Solid 3 ya 2004 inakufanya utoe risasi kwa kisu, utie dawa ya kuua vijidudu, uzuie damu, ufunge bandeji, na jeraha la kukatwa ulishone. Far Cry 2 inakuonyesha mtu anajing'oa risasi kwa koleo. Huduma ya kwanza haifanyi hivyo. Risasi inaachwa ilipo. Unakandamiza jeraha, unalijaza kitambaa hadi ndani na kuendelea kukandamiza, na kwenye mkono au mguu unaotoa damu kwa nguvu unabana mkanda sentimita 5 hadi 7 kutoka kwenye jeraha kuelekea kiwiliwili, kamwe si kwenye kiungio, kisha unaandika saa uliyoubana. Kuchokonoa risasi kunaweza kuufungua mshipa ambao risasi yenyewe ilikuwa imeuziba. Na kushona jeraha chafu porini ni kuwafungia bakteria ndani.

Halafu ile mistari ya uhai. Mtu mzima ana kama lita 5 za damu. Akipoteza chini ya asilimia 15 mwili unafidia, huoni dalili kubwa. Akipita asilimia 30 shinikizo la damu linaporomoka, akipita 40 yuko ukingoni mwa kifo. Yaani kwa muda mrefu anaonekana yupo sawa, kisha anaanguka ghafla. Gemu karibu zote zinapunguza uhai kwa mstari ulionyooka, kisha bandeji inaurudisha! Bandeji hairudishi damu hata tone, inazuia isiendelee kutoka.

Kitu kimoja tu cha kweli ndicho kinachozaa mchezo mzuri, nacho ni kutenganisha kuzuia na kurudisha. DayZ imelifanya hilo: damu ina hesabu yake hadi 5000, afya ina hesabu yake hadi 100. Kitambaa kinaziba tu. Damu inarudi polepole ukila na kunywa, au kwa kuongezewa, na ukiongezewa ya kundi lisilooana na lako unaweza kufa kwa mkono wa aliyetaka kukuokoa. Kitambaa kisichosafishwa kinaleta maambukizi. Hapo bandeji moja imezaa maswali matatu.

risasi30:
Mnasahau gemu ambayo haina tiba kabisa. Counter-Strike: uhai 100, ukipigwa ukabaki na 14 unamaliza raundi na 14 hizo. Kwa upande wa tiba hakuna iliyo karibu na ukweli zaidi yake, maana hakuna mtu anayepona risasi ndani ya dakika mbili, na hakuna anayelalamika kwamba inachosha. Inawezekana kwa sababu raundi ni fupi na inayofuata unaanza mzima. Kabla ya kubishana juu ya bandeji, ulizeni kwanza kosa moja linamgharimu mchezaji muda gani.

Na kujiponya kwa kujificha, yaani uhai kurudi wenyewe ukikaa bila kupigwa, ambako Call of Duty 2 ya 2005 ilikueneza, watu hukucheka bila kujua kazi yake. Msanifu anajua kila pambano linaanza na mchezaji aliyekamilika, basi anaweza kulipima hadi tone la mwisho. Kwenye mfumo wa viboksi hajui kama unaingia na 100 au na 12. Matokeo yake anarundika dawa mbele ya kila mlango mkubwa, na mchezaji akiona dawa tatu pamoja anajua jitu kubwa lipo ndani. Siri imevuja. Halo ya 2001 ilikata katikati: ngao inajijaza yenyewe, uhai ulio chini ya ngao haurudi mpaka uokote kisanduku. Pambano linapimika na kosa bado linabaki na kovu.

banzi_na_kamba:
Kujificha kunapima pambano, sawa, lakini kunamfundisha mchezaji kukaa nyuma ya ukuta, kisha watengenezaji wanalazimika kumwaga maguruneti ili kumtoa pale. Tatizo limezaliwa na dawa yake. Na jeraha halina kumbukumbu: ulichofanya dakika tatu zilizopita hakipo tena.

Mtoa mada:
DayZ nakubali, na hoja ya kutenganisha kuzuia na kurudisha naipokea. Ila bado hamjagusa kinachoniudhi, nacho ni wingi wa hatua. Metal Gear Solid 3, hatua kadhaa kwa risasi moja. Nani anazifurahia mara ya kumi?

jaribio_la_pili:
Hatua si tatizo, tatizo ni saa. Ukifungua ukurasa wa matibabu kwenye Metal Gear Solid 3, gemu inasimama. Unaweza kushona jeraha huku adui ameganda mita mbili kutoka kwako. Hatua nyingi zisizokula hata sekunde moja ni karani anajaza fomu. Linganisha na Far Cry 2 ya 2008: kitufe kimoja tu, lakini dunia haisimami, mikono yako iko kwenye koleo na risasi zinapita. Hatua chache, roho juu zaidi.

Fallout: New Vegas ya 2010 ni ushahidi mzuri kwa sababu mifumo yote miwili imo ndani ya gemu moja. Kwa kawaida unafungua kifaa cha mkononi, gemu inasimama, unajidunga sindano tano, unafunga ukiwa mzima. Ukiwasha hali ngumu, sindano zilezile zinaponya kidogo kidogo kadiri muda unavyokwenda, na kiungo kilicholemaa kinataka mkoba wa daktari. Hakuna adui aliyeongezwa nguvu; kwenye sindano walichogusa ni muda. Ghafla unajidunga kabla ya vita badala ya katikati yake, na unabeba mkoba wa daktari ukiacha kitu kingine.

Kwa anayetengeneza, hapa ndipo pa kutoa jasho. PUBG ilitoka na bandeji ya sekunde 4 inayorudisha 10 na kukomea 75, kisanduku cha sekunde 6 kinachokufikisha 75, kikubwa cha sekunde 8 kinachokufikisha 100. Ukikatizwa katikati hupati kitu, lakini kifaa hakipotei. Jaribu kuigeuza, mtu apate sehemu ya uhai kwa kila sekunde, utaona kila mmoja anaanza na kukatiza, anaanza na kukatiza, akichungulia dirishani kati ya vipande. Ule ukatili wa "yote au hakuna" ndio unaomlazimisha mtu atafute mahali salama kwanza. Kwenye gemu ya mtandaoni, kifaa kiondolewe na seva (kompyuta inayoendesha mchezo) mwisho wa muda, si mwanzo. Ukikiondoa mwanzo, mtandao ukikatika mchezaji anabaki na jeraha na hana dawa, na atakuwa na haki ya kutukana.

modi_ya_usiku:
Mimi nasimama upande wa hatua nyingi, na nawaletea ACE3, modi (nyongeza iliyotengenezwa na wachezaji) ya gemu ya vita Arma 3. Mtu ameanguka: unabana mkanda kwenye kiungo kinachotoa damu, unaziba majeraha kwa bandeji inayofaa aina ya jeraha, unaufungua mkanda, unaweka dripu ya mililita 250, 500 au 1000, ndipo unafikiria dawa. Ukisahau kufungua mkanda, dawa na dripu ulizoweka kwenye kiungo hicho hazifiki mwilini. Ukimdunga mofini, dawa kali ya maumivu, aliyepoteza damu nyingi, mapigo yanashuka na shinikizo linashuka, unaweza kumsimamisha moyo. Na mipangilio ikiruhusu, majeraha hufunguka tena mpaka yashonwe.

Hizo zote si ushuru, mtoa mada, kwa sababu zina mpangilio na zinaweza kukosewa. Zinamzalisha mtu anayeitwa tabibu wa kikosi, ambaye kwenye gemu nyingine ni mtu wa kawaida mwenye dawa nyingi.

risasi30:
Na yule aliyelala chini anafanya nini wakati tabibu anafurahia kazi yake? Anatazama giza. Dakika tatu, nne, bila kujua kama kuna anayekuja. Furaha ya mmoja inalipwa na mwingine.

modi_ya_usiku:
Hilo ni kweli na ndilo linalokimbiza wageni. Dawa yake ni kumwachia asikie sauti za wenzake na kumwekea kikomo cha kuzirai ambacho kikipita anaruhusiwa kuanza upya.

dripu500:
Kwenye hilo la mateso yasiyo na kazi, tazameni Project Zomboid. Mkwaruzo wa zombi unakuambukiza kwa uwezekano wa asilimia 7, mpasuko 25, kung'atwa 100, na tiba haipo. Matambara unachemsha kwanza, vipande vya kioo unavitoa kwa kibano kabla ya kushona, na pamoja na hayo yote unaweza kuwa umeshakufa. Kitabibu ni upuuzi. Lakini kwa upande wa mchezo, mfumo huo unafanya kazi barabara, kwa sababu unachokiogopa ni jeraha linalokuja, si lile ulilonalo.

(Tukiwa hapohapo, mnaotengeneza: msalaba mwekundu kwenye mandhari nyeupe ni alama inayolindwa na Mikataba ya Geneva. Mwaka 2017 waliotengeneza Prison Architect waliambiwa na shirika la Msalaba Mwekundu la Uingereza waiondoe kwenye magari ya wagonjwa, wakaibadili rangi kuwa kijani. Anzeni na kijani.)

Mtoa mada:
Basi nitafsiri msimamo wangu upya, maana naona tunazunguka. Utata wa tiba unanikera pale unapokaa kwenye vidole. Ukihamishwa kwenye mipango, nauchukua wote. RimWorld: jeraha likiambukizwa, ugonjwa na kinga vinakimbizana kufika asilimia 100, na wewe hushoni chochote, daktari wa koloni ndiye anashona. Kazi yako ni kuamua nani atibu, kwa dawa ipi, na kama mkono ukatwe leo kabla kinga haijashindwa. Dwarf Fortress inataka hospitali iwe na maji safi na sabuni, la sivyo vidonda vinaoza, kwa hiyo unajikuta unaendesha kiwanda cha sabuni kwa mafuta na majivu kwa ajili ya vita vya mwakani. XCOM ya 2012 inamlaza askari wako siku kadhaa na kukulazimisha upeleke asiye na uzoefu. Uhalisia wote huo haunigharimu kitufe hata kimoja katikati ya mapigano.

banzi_na_kamba:
Hizo ni gemu za kutazama kutoka juu, mkuu. Ukimvaa mhusika mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, huna pa kumlaza siku tano. Hapo majeraha lazima yamkute akiwa anatembea, na hatari kubwa ni mporomoko: umevunjika mguu, unakwenda taratibu, kwa hiyo unapigwa zaidi, kwa hiyo unakwenda taratibu zaidi. Mchezaji ameshindwa dakika tano kabla ya kufa.

jaribio_la_pili:
Mporomoko unazuilika. Adhabu ibadilishe namna ya kucheza badala ya kushusha kila kitu kwa pamoja. Mkono ukivunjika, bunduki ndefu ikatae lakini bastola ikubali. Mguu ukivunjika, kukimbia kuzuiwe lakini kulala na kulenga kubaki vilevile. Na adhabu ichelewe: mwili wenyewe ukiwa vitani mara nyingi hausikii maumivu mpaka mambo yatulie, basi gemu imwache amalize pambano ndipo imdai. Kwa mara moja ukweli na furaha vinavuta upande mmoja.

risasi30:
Au weka tu chaguo kwenye mipangilio, anayetaka mateso awashe.

jaribio_la_pili:
Chaguo si bure. Idadi ya dawa kwenye ramani, umbali kati ya vituo na nguvu ya risasi vyote vimepimwa kwa mfumo mmoja. Ukizima majeraha ya viungo bila kugusa hayo, mchezaji anatembea na mikoba kumi ya daktari isiyo na kazi na hakuna kinachomtisha. Ukiyawasha juu ya ramani iliyopimwa kwa mfumo mwepesi, atalemaa mahali ambapo hakuna dawa ndani ya nusu saa. Anayeahidi hali mbili anaahidi kupanga ramani mara mbili.