Wakata miti tupeane uzoefu: mti gani uliwahi kukutoa roho ukiwa juu?

Fundi Kivuli
Wakuu, heshima kwenu. Jana nimepita Sinza nikakuta kijana yuko juu ya mwembe, juu kabisa kupita paa la ghorofa, panga mkononi, ndala miguuni, hana kamba ya aina yoyote. Chini watu wanapiga soga kwenye kivuli cha tawi lile lile analolikata. Nikamwita ashuke, akasema nisiwe na wasiwasi, amezoea. Walionijibu hivyo zamani, baadhi yao leo tunawasomea dua. Usiku sikulala vizuri.

Sasa tuliomo kwenye kazi hii, wapunguza matawi, waangushaji, wakwezi wa minazi, tusimuliane. Mti gani, ilikuwaje, na ulishukaje. Vijana wapo humu, wasome.

Naanza mimi. Mjohoro, Mbezi, wakati wa masika. Ukiutazama ni mzima, majani kijani tii. Nikaugonga shina kwa kisogo cha shoka nikiuzunguka, upande mmoja ukalia kama ngoma. Nikafukua majani makavu pale chini, uyoga mgumu umejipanga kwenye mizizi. Nikamwambia mwenye nyumba huu haupandwi, tafuta kreni. Alinung'unika sana kuhusu gharama, akaniita mwoga mbele ya vijana wangu. Kreni ilipokuja ikashika tawi la kwanza tu, shina likakatika lenyewe pale penye uyoga, ndani unga mtupu. Yule mzee alikaa kwenye kiti hakusema neno mpaka tunaondoka.

Mzee wa Shoka
Kugonga kwanza. Hapo sina la kuongeza.

Mkwezi wa Pangani
Nyie wa mjini mnahangaika na miembe, njooni kwenye minazi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, watu walituita kutoka kila upande, mnazi umelalia nyumba, mnazi umeinama juu ya banda. Mnazi si mti wa kuukata kwa hesabu za mti mwingine. Uzito wote uko kichwani, nje nyuzi ngumu, ndani laini. Bawaba, ule ukanda wa mbao usioukata ili ukuongozee mti unakoanguka, kwenye mnazi haishiki vizuri, nyuzi zinachanika tu. Na nyuzi zile zinakula cheni ya msumeno, unanoa asubuhi, mchana butu.

Ulionitoa roho ni mmoja ulioliwa kichwani na chonga, yule mdudu wa minazi. Makuti ya juu mazima, ukifika kileleni unakuta kiini kimeoza na kinanuka. Nimeshika kuti nijivute, likatoka lote na mzizi wake. Kilichoniokoa ni kamba ya kiunoni iliyouzunguka mnazi. Tangu hapo sishiki kuti kabla sijalivuta kwa nguvu huku nimefungwa.

Na nyie mnaotoboa ngazi kwenye mnazi kwa panga ili mpande kirahisi, acheni. Kidonda cha mnazi hakifungi maisha yake yote. Ile ngazi ndiyo mlango wa maji na wadudu.

Chipukizi_Moro
Babu zetu wametoboa hizo ngazi miaka yote na nazi tumekula.

Mkwezi wa Pangani
Na minazi yao imekatikia hapo hapo kwenye ngazi. Njoo Pangani nikuonyeshe visiki.

Kijana wa Nyali
Wadau, Mombasa hapa. Yangu ni ya stima. Mvinje, nyuma ya hoteli, upepo wa kusi. Tulikuwa tunateremsha tawi kwa kamba, mwenzangu yuko juu, mimi na wawili chini. Upepo ukaligeuza, majani mabichi yakapiga waya mkubwa. Ukasikia mlio, kisha waya umekatika uko chini kwenye nyasi, unaruka ruka. Watu wakataka kukimbia. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya laini akapiga kelele: "Miguu pamoja! Hakuna kupanua hatua!" Tukatoka tukiburuza miguu, kisigino kimegusana na kisigino, mpaka mbali. Ardhi karibu na waya ina umeme, na ukipanua hatua mguu mmoja unakuwa na nguvu tofauti na mwingine, umeme unapita mwilini mwako.

Mwenzetu tulimwambia abaki juu, asishuke, asiguse kitu, mpaka watu wa stima wamezima na wamethibitisha. Alikaa huko akisoma Yaasin kwa sauti, sisi tunaitikia amina.

Sasa mti ukiwa karibu na laini kubwa ya umeme, ya kilovolti 11 au 33, siingii kabla haijazimwa. Mteja akisema anaharaka, aende kwa mwingine.

Fundi Kivuli
Hii ya miguu pamoja wafundishwe vibarua kabla ya kupewa panga.

Dada wa Olmotonyi
Naomba niongeze jambo, maana nimeona kwenye picha za watu humu mambo ya kusikitisha. Nimesoma misitu Olmotonyi, Arusha, na kazi ya miti ya mijini ndiyo ninayoifanya sasa. Tawi zito halikatwi kwa mkato mmoja kutoka juu. Linachanika, linashuka na gome la shina hadi katikati, na likichanika aliyepanda ndiye linalomkuta. Kata kwanza chini ya tawi, mbali kidogo na shina, theluthi ya unene. Kisha kata juu, mbele kidogo ya ule wa chini, tawi lidondoke. Mwisho ondoa kile kipande kilichobaki, na usikipige usawa wa shina. Pale tawi linapoota pana uvimbe, shingo ya tawi. Ile shingo iache. Ndiyo inayofunga kidonda.

Na jamani, msipake rangi, lami wala oili chafu. Haisaidii.

Mzee wa Shoka
Mwanangu, hapo kwenye oili nakupinga. Nimepaka oili chafu tangu wewe hujazaliwa. Bila oili mchwa wanaingia kwenye kidonda ndani ya mwezi.

Dada wa Olmotonyi
Shikamoo mzee wangu. Mchwa wanafuata mti uliokufa. Ukiacha kigutu kirefu kikakauka, wamepata mlo. Ukikata kwenye shingo, mti unajifunga wenyewe. Kuna mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani, Alex Shigo, alipasua miti kwa maelfu kwa msumeno kutoka juu hadi chini aone kidonda kinakwendaje ndani. Alichokuta ni kwamba mti hauponi tunavyopona sisi. Unajenga ukuta kuzunguka palipooza, kisha unaota mbao mpya juu yake. Rangi haikuzuia kuoza kwenye miti aliyoipasua.

Mzee wa Shoka
Marahaba. Huyo Mmarekani alipasua miti ya baridi. Aje Kibaha aone mchwa.

Chipukizi_Moro
Mzee kaongea! Oili mpaka kieleweke.

Msumeno Mkali
Mimi napaka mafuta ya kula yaliyotumika, ya kukaangia chipsi.

Dada wa Olmotonyi
Mafuta ya chipsi utaita siafu wa mtaa mzima, kaka.

Mzee wa Shoka
Hapo kwenye mafuta ya chipsi mimi na binti yangu tuko pamoja.

Kamba Moja
Nimekaa nasoma tu, ila hili sijawahi kuliandika popote. Leo naliandika.

Mkwaju, Raskazone, Tanga. Mti mkubwa sana, tawi moja limelala juu ya bati la nyumba. Mwenyeji alituambia kuna ndege tu. Tumeuzunguka tukitazama juu, hatukuona kitu, kwa sababu tundu lilikuwa mgongoni mwa tawi, ukiwa chini hulioni hata kwa darubini. Nimepanda, nimekaa kwenye mkanda, nimewasha mashine. Mkato wa chini umeenda vizuri. Nimeanza wa juu, nikasikia harufu ya ndizi mbivu. Nikajiuliza nani anakula ndizi juu ya mkwaju.

Wakuu, mkisikia harufu ya ndizi mbivu mkiwa juu, zimeni mashine mteremke, msingoje kuona kitu. Ni nyuki wanaitana. Anayeuma anaacha ile harufu, wenzake wanaifuata wanauma pale pale. Mtetemo na moshi wa mashine ulikuwa umeshawaamsha.

Walitoka wote. Waliingia kwenye kofia, masikioni, puani, ndani ya shati. Nimezima mashine, nimeiacha ining'inie. Nikashika fundo la kuteremkia, halisogei. Uzito wangu wote umelilalia, limekaza, na vidole vimeshavimba sivihisi. Macho nimeyafumba. Ukiwa umening'inia kwenye kamba huna pa kukimbilia, na kila ukipumua unameza. Nikaanza kupiga shahada.

Mtu wa chini siku hiyo alikuwa shemeji yangu. Vibarua wote walikwenda barabarani, na siwalaumu, wana watoto. Yeye alibaki. Ana mazoea ambayo watu walikuwa wanamcheka nayo: kamba ya mpandaji haikubali ifungwe juu. Anaipitisha kwenye panda la juu, anaileta mwisho wake chini, anaizungusha kwenye shina na kuifunga pale ili yeye mwenyewe aweze kuilegeza. Na kamba inakuwa ndefu mara mbili ya urefu wa mti. Wote tulikuwa tunasema anapoteza kamba. Akavuta kanga iliyoanikwa, akajifunga kichwa chote, akaenda kwenye shina akiwa anaumwa mikono yote miwili, akafungua, akaanza kuniteremsha. Polepole. Hakuniachia nidondoke. Nilikuwa nasikia anahesabu kwa sauti ili nijue yupo.

Nilipogusa ardhi akanikata mkanda kwa kisu, tukakimbia mpaka ndani ya nyumba ya jirani. Hospitali tulilala wote wawili, vitanda jirani, dripu mkononi. Mke wangu alipofika alinitambua kwa shati. Miiba walinitoa kwa kukwangua.

Huyo shemeji nikimwona hata leo nasimama. Sipandi mti wowote mtu wa chini akiwa mwingine.

Kijana wa Nyali
Subhanallah.

Mkwezi wa Pangani
Harufu ya ndizi ni kweli tupu. Nami niliisikia Muheza.

Fundi Kivuli
Kamba kufungwa chini ya mti. Nimeandika kwenye daftari. Kesho tunafanya mazoezi na vijana wangu.

Chipukizi_Moro
Kungekuwa na bwawa karibu ungejitupa majini.

Mkwezi wa Pangani
Nyuki wanakungoja juu ya maji, ukitoa kichwa kupumua wanakupokea. Kimbia kwenda mbali au ingia ndani ufunge mlango.

Msumeno Mkali
Dawa ya nyuki ni petroli na moto, usiku, kazi imekwisha.

Dada wa Olmotonyi
Kaka, moto juu ya mti ulio juu ya nyumba ya watu? Tafuta mrina asali aje jioni na moshi awahamishe. Wewe unapata mti mtupu, yeye anapata mzinga.

Kamba Moja
Tulimwita mrina Mdigo mmoja, aliwahamisha bila kelele. Alilipwa pesa ndogo kuliko bili yetu ya hospitali.

Chipukizi_Moro
Mkwaju mzee kama huo ulikuwa na wenyewe. Mlipaswa kuchinja kwanza.

Kamba Moja
Wenyewe walikuwa nyuki, mdogo wangu.

Mzee wa Shoka
Msimcheke kijana. Mbuyu mimi sigusi bila wazee wa pale kuja na kusema neno. Si kwamba naogopa. Watu wa pale wanajua nani amezikwa chini yake na nini kilifanyika hapo. Ukikata kwa ubabe unaondoka umechukiwa na mtaa.

Kijana wa Nyali
Sawa kabisa mzee. Nairobi mwaka 2020 kulikuwa na mugumo mkubwa, ule mtini unaoheshimiwa na Wakikuyu, Westlands ukitakiwa uondolewe kupisha barabara ya juu. Watu walipiga kelele, ikatoka amri ya rais kwamba ubaki. Upo mpaka leo.

Msumeno Mkali
Mbuyu kwanza una maji mengi na nyuzi nyuzi, unaziba mashine. Kuuacha ni faida.

Mama Chanika
Samahani wanangu, mimi si fundi, nimeingia tu. Nina mkrismasi umenyanyua ukuta na kupasua sakafu ya baraza. Kijana mmoja amesema ataukata kichwa wote ubaki shina, utatulia. Ni kweli?

Chipukizi_Moro
Kweli mama, nyoa kipara.

Dada wa Olmotonyi
Hapana mama, shikamoo. Ukiukata kichwa utachipua vijiti vingi vilivyoshikilia kwa juu juu, baada ya misimu michache vinakuwa vizito vinakatika na upepo vinaangukia nyumba yako. Ukipunguza, usizidishe robo ya majani kwa mara moja. Ila kwa ukuta uliokwisha nyanyuka, kupunguza majani hakutarudisha mizizi ya mkrismasi. Inatambaa juu juu.

Mzee wa Shoka
Mama, usikate mizizi mikubwa upande mmoja ukauacha mti umesimama. Wengi wanafanya hivyo, kisha upepo wa kwanza unaulaza. Ama ukuta usogee, ama mti uondoke.

Fundi Kivuli
Na kabla hujaondoa pitia serikali ya mtaa wakuelekeze kuhusu kibali. Mama, baraza liko umbali gani na shina?

Mama Chanika
Hatua tatu au nne. Mti aliupanda marehemu mume wangu, nisingependa uondoke.

Dada wa Olmotonyi
Basi vunja baraza mama, mti uache. Baraza linajengwa wiki moja. Ukisogeza ukuta mbele, acha nafasi chini ya mkanda wa zege mizizi ipite.

Mzee wa Shoka
Nipo Kibaha, Jumamosi nitakuja kuugonga bure. Andaa chai tu.

Mama Chanika
Karibu baba. Na maandazi yatakuwepo.

Msumeno Mkali
Jamani hiyo kamba ya kufunga chini ya shina, manila ya plastiki ya dukani inafaa?

Kamba Moja
Hapana. Ile ni ya mizigo, inayeyuka ikisuguliwa na inaoza na jua. Tafuta kamba ya kupandia yenyewe, na ikikatika uzi mmoja wa nje iwe ya kuvutia magogo, mtu asipande nayo tena.