Mtandamboo: tuulinde au tufyeke tu?

Mama Lang'ata: Wadau, kiwanja jirani wamefyeka mitandamboo yote, vile vichaka vya miiba vyenye matunda meusi ya kuliwa, hata ule wa kando ya lango. Nikilalamika naambiwa haumo hatarini: wanasayansi walishaunganisha Carissa edulis yetu, ndilo jina lake la kitaalamu, na Carissa spinarum, inayoota hadi India na Australia. Yaani wa kwetu ukiisha, India upo. Wanangu wakachume India?

Jembe Butu: Dada, mmea ni uleule. Spinarum ni jina lililotolewa na Linnaeus, yule mtaalamu wa kuipa mimea majina, 1771, edulis likafuata. Aliyetangulia ndiye mwenye jina, na jina halijawahi kung'oa kichaka. Halafu nyinyi watoto wa lami, mnautofautisha na zambarau kweli?

Kitinda Mimba: Watoto wa lami ndio nani? Nimezaliwa Pumwani na nimechuma hayo matunda mpaka ulimi ukawa mweusi. Zambarau ni mti mrefu ulioletwa kutoka Asia, hauna mwiba hata mmoja. Uliza kwanza, kaka.

Jembe Butu: Pumwani kuna msitu?

Kitinda Mimba: Kwani likizo nyinyi hamkupelekwa kwa nyanya zenu?

Mwana wa Boma: Tuache lami. Huo kwa Kimaasai ni olamuriaki, na bila mizizi yake supu ya nyama si supu, ni maji ya moto.

Mama Lang'ata: Si ndiyo hiyo mizizi inayochimbwa ikamalizwa?

Mwana wa Boma: Mama, sisi tunachimba kidogo, shina linachipua. Tingatinga la hao wajenzi wenu linachipuza nini?

Gathoni wa Mtaa: Ni mukawa. Jina la Kikuyu, kwisha.

Mbaluka: Kwisha kivipi? Hata Ukambani ni mukawa. Mlituazima lini?

Nyuki Mkali: Hivi serikali haikuupiga marufuku kuvunwa 2007? Nakumbuka malori yalikamatwa.

Mama Lang'ata: Huo ni msandali, Osyris. Ndio ulioingizwa 2013 kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Mtandamboo hauna hata mlinzi wa lango.

Kitinda Mimba: Mimi utotoni nilikula tunda kama hilo, jeusi, tena mti hauna miiba. Nilitapika hadi jioni.

Mwana wa Boma: Shukuru Mungu! Huo ni msunguti, wa ukoo mmoja na mtandamboo. Yote ina utomvu mweupe na matunda yanafanana, ila msunguti ndio wazee walichemsha kupata sumu ya mishale. Usipoona miiba, usionje.

Jembe Butu: Kumbe mtoto wa Pumwani hakuutambua 😂

Kitinda Mimba: Nilikuwa na miaka sita, wewe!

Mbaluka: Gathoni, bado nangoja. Mlituazima lini?

Mama Lang'ata: Na swali langu je?

Gathoni wa Mtaa: Mama, chukua mbegu uzipande. Mbaluka, njoo hapa tumalizane.