Bekari ya hapa Lindi mjini inatuuzia viporo vilivyopashwa moto, ukilalamika unanuniwa!

Wakuu, naandika nikiwa bado na kanzu ya swala ya alfajiri, hasira hazijapoa. Jina la bekari silitaji.

Mama mkwe ameingia jana jioni na basi la Nachingwea. Huyu bibi, chai bila boflo la moto haimshuki. Nikasema leo aone kuwa binti yake hakuolewa na mtu hivihivi. Nikatoka msikitini moja kwa moja hadi bekari. Foleni watu kama saba, harufu imetanda mpaka barabarani. Nikachukua maboflo 6, mkate mkubwa mmoja na skonzi pakiti 2. Boflo la moto kweli, unalihamisha mkono huu na huu. Nikapanda bodaboda kurudi Mtanda nimekumbatia mfuko kama mtoto mchanga.

Mezani sasa. Boflo limepoa, limekuwa tofali. Kisu kinakwaruza, ndani panamong'onyoka chenga chenga. Nageuza upande wa chini: doa la kijani, ukubwa wa sarafu ya mia, lina manyoya. Mama mkwe alishaliona kabla yangu. Akasogeza sahani polepole, akauliza, "Baba, kwani ule muhogo wa jana umeisha?"

Mke wangu akaangalia dirishani.

Skonzi ndiyo usiseme. Zimefungwa bado zina moto, mfuko umetoa jasho ndani, matone yanateremka. Aliyewahi kukanda unga anajua: mkate ukitoka tanurini unaachwa upoe kwanza ndipo unafungwa. Ukiufunga na mvuke wake, kwa unyevu wa pwani hii, ukungu hauchelewi. Na kupasha mkate wa jana si dhambi, majumbani tunafanya. Wanga uliokaza unalainika ukipata moto, ila ukipoa unakaza tena upesi. Kwa hiyo wao wanajua kabisa: mteja akilibonyeza pale dirishani ni laini, akifika kwake ni shauri yake.

Nikarudi bekari na lile boflo. Dada wa dirishani: "Kaka, mikate yote ya leo." Namuonesha doa. "Huo unga tu umeungua." Unga ukaungua ukawa wa kijani? Naomba risiti, mashine imeisha karatasi. Naangalia mfuko wa mkate mkubwa, hakuna tarehe ya kutengenezwa wala ya kuisha. Mara mwenye mali akatoka huko nyuma, mikono imejaa unga (angalau unga aliokuwa nao ulikuwa wa leo), akaniambia mbele ya watu, "Kama unataka mkate wa hotelini, nenda Dar."

Kilomita zaidi ya 400 nifuate boflo!

Sisi si watu wa kudeka. Mei 2024, barabara ya Dar ilipokatika kule Kilwa baada ya kimbunga Hidaya, magari yakakwama, tungeletewa boflo gumu tungekula na kushukuru. Sasa hivi magari yanapita. Kisingizio ni nini?

Na wala sisemi viporo vitupwe. Viwekwe kando, viitwe viporo, bei ishuke. Kuna watu watanunua, mkate mkavu kwenye supu ya pweza wala si haba. Lakini kurudisha tanurini usiku, kutoa alfajiri na kumwambia mtu "wa moto moto huu" kwa bei ileile, huo ni wizi. Mkate wenye ukungu hata kwa nusu bei usiuzwe.

Na wale watakaokuja kuniambia "mchana uliopita nilinunua ulikuwa mzuri", sawa, mlibahatika.

Wa Mikumbi na Mtanda, nani anamjua mama anayepika mkate wa kumimina au mofa asubuhi na mapema? Nielekezeni leo leo. Mama mkwe yupo mpaka Jumatano na muhogo umebaki vipande viwili.