Maktaba za bure za Kihispania mtandaoni: nianzie wapi?

Chumvi_Kidogo: Wakuu, heshima kwenu. Nimemaliza kozi ya awali ya Kihispania, maongezi ya kawaida nayamudu. Sasa nataka kusoma fasihi yao yenyewe, nimechoka na vile vitabu vya Juan kwenda sokoni. Posta mpaka Kariakoo sijaona duka lenye riwaya ya Kihispania, na kuagiza nje ni pesa ndefu. Nielekezeni maktaba za bure, ziwe halali. Natumia simu, na bando ndiyo hivyo tena.

Mjukuu wa Pangani: Nenda Biblioteca Virtual Miguel de Cervantes. Ilianzia Chuo Kikuu cha Alicante mwaka 1999, na kusoma ni bure. Ila angalia: ukikuta pameandikwa "facsímil", hizo ni picha za kurasa za kitabu cha zamani, zitakumaliza bando. Tafuta yale yaliyochapwa upya kama maandishi ya kawaida. Humo unampata Cervantes mwenyewe na riwaya yake, Don Quijote sehemu zote mbili, ya 1605 na ya 1615.

Dada Sarufi: Pangani, unampeleka mtoto wa watu kwa Don Quijote leo leo? Atakimbia! Kile ni Kihispania cha miaka mia nne iliyopita. Chumvi, anza na Horacio Quiroga wa Uruguay, *Cuentos de la selva*, 1918. Ni hadithi za wanyama alizowaandikia watoto, lugha yake nyepesi, na Wikisource ya Kihispania, maktaba huria ya mtandaoni, wanayo. Kuna moja samaki aina ya taa wanaziba mto chui wasivuke kumfikia mtu aliyejeruhiwa. Mimi wa pwani nilicheka peke yangu, maana mwiba wa taa tunaujua. Don Quijote mwachie baadaye, na ukifika kwake msomee kwenye tovuti ya Centro Virtual Cervantes, ile ya Instituto Cervantes, taasisi ya Hispania ya kueneza lugha yao. Wameweka toleo lililosimamiwa na Francisco Rico, lina maelezo ya maneno magumu. Bila hayo maelezo utabaki unakodoa macho.

fundi_maneno: Kamusi msisahau. Ya Real Academia Española, taasisi inayosimamia lugha yao, iko wazi mtandaoni, bure. Ukitafuta kitenzi, bonyeza "Conjugar" upate maumbo yake ya nyakati zote. Ukisoma waandishi wa Amerika ya Kusini ongeza *Diccionario de americanismos*, nayo bure, inakuonyesha neno linatumika nchi gani.

Chumvi_Kidogo: Nashukuru sana. Mbona García Márquez, yule mwandishi wa Colombia, simwoni humo? Nimetafuta riwaya zake, sijaambulia kitu.

Mjukuu wa Pangani: Na hutaziona, hakimiliki bado hai. Alifariki 2014. Kwa Hispania, mwandishi aliyefariki kabla ya tarehe 7 Disemba 1987 analindwa miaka 80 baada ya kifo. Ndiyo maana mshairi García Lorca, aliyeuawa 1936, kazi zake zilifunguliwa Januari 2017. Kwa hiyo zile PDF za Márquez zinazozunguka kwenye magrupu, umesema unataka halali, ziache zizunguke.

Kaka_Bioko: Wote mmekimbilia Ulaya na Amerika. Guinea ya Ikweta wanaandika Kihispania, ni lugha rasmi kwao! Hiyo hiyo Biblioteca Virtual aliyoitaja Pangani ina sehemu inaitwa Biblioteca Africana. Wafuatilie kina Donato Ndongo-Bidyogo, na Leoncio Evita aliyetoa riwaya yake mwaka 1953. Kwangu mimi Mwafrika akisoma Kihispania bila kupita huko kakosa utamu.

Dada Sarufi: Hapo Kaka umenena. Ila Chumvi, hao wasome baada ya Quiroga.

Chumvi_Kidogo: Sawa dada. Na ile maktaba ya taifa ya Hispania vipi, inanifaa?

fundi_maneno: Biblioteca Digital Hispánica? Hazina kubwa: miswada, ramani, magazeti ya kale. Lakini nyingi ni skani nzito. Ingia siku ukipata waifai ya chuo, kwa sasa hadithi fupi zinakutosha.