Muvi ya jini na mapenzi: Aladdin ya 2019 au Three Thousand Years of Longing?

Msafiri77
Wakuu habari za jioni. Ijumaa mimi na mke wangu tunatimiza miaka sita ya ndoa, tumekubaliana hatutoki, tunapika pilau tunakaa sebuleni tunaangalia muvi ya jini na mapenzi maana yeye tangu utotoni ni mtu wa Alfu Lela Ulela. Nimebaki na mbili, Aladdin ya 2019 ile ya Will Smith, na Three Thousand Years of Longing ya 2022, Idris Elba na Tilda Swinton. Ya kwanza nimeiona, ya pili nimeishia kwenye trela. Ipi itamgusa mtu mzima? Nielezeni vizuri, msiniambie "zote kali" mkapita.

binti_makorora
Chukua ya Idris kaka angu. Aladdin naipenda, nyimbo, rangi, ile parade ya kuingia mjini, lakini mle mapenzi ni ya Aladdin na Jasmine, jini ni msaidizi. Mwishoni naye anampata Dalia, yule mtumishi wa Jasmine, anakuwa binadamu, sawa, ila ni kipande cha pembeni. Kwenye hii nyingine jini mwenyewe ndo mpenzi. Kuna mama mmoja Alithea, msomi wa mambo ya hadithi, anaishi peke yake na ameridhika kabisa, anaenda Istanbul kwenye mkutano, ananunua kichupa Grand Bazaar, asubuhi yuko bafuni hotelini anakisugua na mswaki wa umeme, kufumba na kufumbua jitu limejaa chumba kizima. Basi badala ya kukimbizana wanakaa wamevaa yale magauni meupe ya hoteli, WANAONGEA. Jini anamwambia omba matatu, mama hataki, kwasababu kazi yake ni hadithi na anajua hadithi za kuomba huwa zinaishia wapi. Ndo jini anaanza kumsimulia alivyofungiwa mara tatu, na kila mara chanzo ni mwanamke.

Kimara_Mwisho
Napingana kidogo na dada hapo juu. Ile muvi ni maneno mengi, mtu katoka kazini kachoka, kala pilau, dakika ya arobaini kalala. Aladdin imetulia, unacheka, unaimba, mnalala na furaha. Na watu walishapiga kura na hela zao, Aladdin ilipita dola bilioni moja duniani, hiyo ya Idris imetumia kama milioni 60 haikurudisha hata nusu.

binti_makorora
Mkuu hela inakuambia wangapi waliingia ukumbini, haikuambii walitoka na nini moyoni. Director ni George Miller yule yule wa Mad Max: Fury Road, hajui kutengeneza picha ya kusinzia. Angalia tu kile kipande cha Zefir. Binti ana akili kupita wote ila kaolewa na tajiri mzee, kafungiwa juu ghorofani, jini anampa elimu yote anayoitaka, vitabu, hesabu, anampenda mpaka anakubali kuingia tena kwenye chupa ili ugomvi uishe. Na yule binti anaanza kujiona kafungwa na huyo huyo anayempenda, hasira zikimpanda anatumia ombi lake kutamka kwamba atamani asahau kama aliwahi kumjua. Linatimia hapo hapo. Jini yuko mbele yake, yeye hamjui. Mimi nililia jamani.

Nalubega256
Habari toka Kampala. Mmesahau kitu kikubwa, yule Malkia wa Sheba kwenye hadithi ya kwanza ni Aamito Lagum, ni Mganda wetu, ndiye alishinda Africa's Next Top Model 2013. Anapokuja Nabii Suleiman kumtongoza na muziki, jini amejificha pale anaangalia mapenzi yake yanaondoka, uso wa Aamito hausemi kitu lakini unaelewa kila kitu. Mie naiangalia kwa ajili yake.

BiMkubwa_Mvita
Wanangu, sisi huku Pwani jini wa mapenzi si jambo geni. Nimekua nikisikia habari za jini mahaba, akimpenda mtu hamwachi, posa zikija hazisimami, mtu apelekwa kupungwa usiku kucha. Siku zote ni jini ndiye amemng'ang'ania binadamu. Muvi hii nimeiona kwa mwanangu ikanishika kwa sababu imegeuza: binadamu ndiye anatumia ombi ili apendwe, jini hana la kukataa. Sasa hayo ni mapenzi au ni chupa nyingine? Yule mama ampeleka London, na London mawimbi ya simu na redio yamjaa mwilini, aanza kudhoofika mbele ya macho yake. Alifanya nini, sisemi. Mwanangu Msafiri, kaeni mwangalie wenyewe.

fundi_sabutaito
Mambo ya vitendo bro. Three Thousand ni dakika 108, Aladdin 128, kwahiyo hiyo hoja ya kusinzia hapana. Ila laza watoto kwanza, kuna sehemu za kitanda na utupu, sio ya familia kabisa. Na weka sabutaito mapema, kuna Kituruki na mwanzoni wale wawili wanaongea Kigiriki cha kale kabla jini hajajifunza Kiingereza. Kama wife ni mtu wa tamthilia za Kikorea kuna Genie, Make a Wish ya 2025, Kim Woo-bin na Suzy, tamu, ila ni vipindi 13, kwa usiku mmoja hapana.

Kimara_Mwisho
Hapo kwa Bi Mkubwa nimenyoosha mikono. Hilo la ombi sikuliwaza, nitairudia wikendi.

Msafiri77
Wakuu mrejesho. Tumeiona ya Idris jana. Zefir alipotamka lile ombi mke wangu akasimamisha muvi, akaniuliza mimi kuna kitu namfanyia akajiona kafungwa, tukaongea mpaka pilau likapoa. Kuna jambo la kazi yake nilikuwa nalizuia mwaka mzima nikidhani namlinda. Saa saba usiku ndo tukamalizia. Bi Mkubwa shikamoo, na asante. Aladdin tunaiweka Jumapili na watoto.