Nataka kumfundisha mwanangu nyumbani, sheria inasemaje?

MamaJ_Nzuguni: Habari zenu wakuu. Binti yangu ana miaka saba, yuko darasa la kwanza shule binafsi hapa Dodoma. Gari linampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri, linazunguka Ilazo na Kisasa weee ndipo lifike shuleni. Jioni kondakta ananikabidhi mtoto amelala, chupa ya uji imejaa vilevile. Mimi nilisomea ualimu, sasa niko na duka langu nyumbani. Nataka nimtoe nimfundishe mwenyewe. Baba yake anasema tutaitwa kwa mtendaji. Kuna ukweli?

Kisoda255: Mtoto wako, nyumba yako. Nani atakuuliza?

Mzee_wa_Makulu: Kisoda, usimponze dada wa watu. Soma Sheria ya Elimu, Sura ya 353, kifungu cha 35. Mtoto akifika miaka saba lazima aandikishwe shule ya msingi, na akishaandikishwa ahudhurie mpaka amalize. Mzigo huo ni wa mzazi. Mumeo yuko sahihi: majina ya watoro yakifika kata, anayeitwa si mtoto.

Halafu kuna mitihani, na hapo ndipo wengi wanakwama. Upimaji wa darasa la nne na mtihani wa kumaliza msingi anasajiliwa na shule, kwa namba ya PREM, ule mfumo wa Baraza la Mitihani wa kumbukumbu za wanafunzi. Sebule yako haina namba ya kituo cha mtihani, dada. Na atakayekuletea habari za QT, ule mtihani wa maarifa wa watahiniwa binafsi, mwambie ni wa sekondari. MEMKWA nayo ni mpango wa watoto waliokosa shule, si wa kumpangia mwenye nafasi.

Aunt_Ihumwa: Kuna wanaofuata mtaala wa Cambridge, wanafanya IGCSE, mtihani wao wa kiwango cha kidato cha nne, kama watahiniwa binafsi kupitia British Council, kisha Baraza la Mitihani (NECTA) wanawapa ulinganifu wa matokeo. Ila ni safari ndefu kwa mtoto wa la kwanza, na ada za mitihani hiyo zitalimaliza duka.

Mzee_wa_Makulu: Mhamishie shule ya serikali ya karibu. Huko hakuna ada. Mchana akirudi, ualimu wako ufanye kazi. Vitabu vya kiada viko bure maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET).

MamaJ_Nzuguni: Asante sana mzee wangu. Ya hapa kwetu anafika kwa miguu, ila darasa limefurika, wengine wanakaa chini. Ndiyo hofu yangu.

Aunt_Ihumwa: Atakaa chini akiwa ameshiba na amelala usingizi wake. Kusoma na kuandika utamkazia wewe. Mi ningehama kesho.

MamaJ_Nzuguni: Uhamisho naanzia wapi?

Mzee_wa_Makulu: Kwa mwalimu mkuu wa shule unayoitaka, uulize nafasi. Akikubali, rudi shule ya sasa waanze taratibu, uhamisho unapitia humo humo kwenye PREM. Kama mna deni la ada malizaneni kwanza, wasije wakakuzungusha. Na asikae nyumbani katikati hapo, aendelee kwenda mpaka ahame.