Nimepigwa kwenye "makumbusho ya maajabu" ya ufukweni, tena kiingilio nimelipa mara mbili

Wakuu nina hasira, naomba mnivumilie uzi ni mrefu.

Nimetoka matembezi ya pwani na wapwa zangu wawili, wa kike ana miaka 11 na mdogo wake wa kiume 7, na kwenye wiki nzima hakuna kitu kilichonichefua kama lile duka la vikorokoro ambalo kwa nyuma lina eti makumbusho ya maajabu. Jina silitaji. Mnayajua lakini haya maduka, kila ufukwe wenye watalii halikosi moja: mlangoni taya la papa limeachwa wazi upige nalo picha, ndani makombe yamejazwa kwenye ndoo, bunju kakaushwa akatiwa balbu tumboni, cheni za funguo ukuta mzima, afu kule mwisho kuna pazia jekundu na mtu kakaa na kitabu cha risiti.

Kabla hamjaanza na yale ya "kwani ulitegemea nini", nasema mapema kabisa mimi sio mtu wa kununa kwa sababu nimedanganywa. Sehemu kama hizi raha yake nusu ni uongo wenyewe, naenda nikijua. Ila nidanganye kwa ufundi bas, nidanganye kama mtu unayeiheshimu kazi yako. Hawa wanadanganya kivivu, na vile vichache vya kweli walivyonavyo wamevitupa pembeni kama takataka. Hapo ndo damu inachemka.

Tuanze na nguva. Bango la nje limechora dada mrembo nywele mpaka kiunoni, kakaa juu ya mwamba. Unalipa, unapita pazia, unakuta sanduku la kioo lina taa ya kijani na ndani kuna kitu urefu wa mkono wangu kimekauka kama kuni, juu kichwa cha tumbili, chini mkia wa samaki. Yule mdogo akabandika pua kwenye kioo akakaa kimyaa, mara "Anko, mbona nguva ana uzi?" Naangalia, kweli, uzi mweusi wa nailoni umezunguka kiuno chote na mwisho wake unaning'inia. Yani hata kuukata wameshindwa! Muongozaji anatuambia huyu alivuliwa mzima na babu yake bosi na akaimba siku tatu ndo akafa. Nikamuuliza mwaka gani, akataja. Baada ya dakika mbili nikamuuliza tena, akataja mwingine.

Sasa wakuu, huu utapeli wa nguva una historia yake na una watu waliuhangaikia. Mwaka 1822 kuna nahodha wa Kimarekani, Samuel Barrett Eades, aliuza meli ambayo sehemu kubwa haikuwa hata yake ili anunue nguva wa namna hii aliyetengenezwa na wavuvi wa Japani, akaenda naye London kumfanyia maonyesho. Miaka ishirini mbele, 1842, P. T. Barnum, yule Mmarekani maarufu wa biashara ya maonyesho, akamkodi nguva kutoka kwa Moses Kimball wa Boston, akamleta New York, akamvalisha mtu wake ujanja akajifanya mtaalamu wa viumbe katoka Uingereza, akasambaza picha za nguva warembo kwenye magazeti, watu wakapanga foleni kwenda kuona tumbili mkavu mwenye mkia. Wizi, sawa, sibishi. Lakini mtu alikaa akafikiri! Huyu wangu mimi karne mbili baadae ananiletea nailoni.

Na kinachonikera zaidi, nguva wa kweli yupo. Mnyama kabisa, anapumua hewa kama mimi na wewe, ananyonyesha, anachunga majani ya baharini kama ng'ombe, anaweza kuishi hadi miaka 70. Unafungua makumbusho baharini unaandika NGUVA kwa herufi za dhahabu afu picha ya nguva mwenyewe haipo hata moja? Muongozaji nilipomuuliza akaniambia "hao wengine ni hadithi". Nikabaki mdomo wazi.

Sanduku la pili limeandikwa MTOTO WA SHETANI WA BAHARINI. Kile kitu kina uso, mdomo umenuna, macho mawili madogo, mabawa na mkia. Wakuu ni taa. Samaki taa kageuzwa tumbo juu, kakatwakatwa mapezi na kuanikwa, na hayo "macho" ni matundu ya pua. Yule mpwa wangu mkubwa anasoma vitabu vya samaki akaguna tu. Hii nayo ni janja ya siku nyingi, mabaharia Ulaya waliwauzia watu mashetani haya mpaka Conrad Gesner, yule msomi wa Uswisi, akaandika kwenye kitabu chake cha 1558 kwamba jamani huyo ni taa kachezewa tu. 1558! Na bado mimi nimelipa kumwangalia.

Jino la papa wa kale aina ya megalodon nalipita haraka. Walituruhusu kulishika na hilo ndo kosa lao, maana jino lililogeuka jiwe ni zito na la baridi, hili ni jepesi kama sahani ya plastiki na pembeni lina mstari wa kalibu kutoka juu mpaka chini. Papa mwenyewe katoweka miaka kama milioni 3.6 iliyopita, sidhani kama alikuwa na kalibu.

Kitu ambacho sikucheka nacho ni kichwa. Kwenye kamba, usawa wa macho ya mtoto, wametundika kichwa cha binadamu kilichosinyazwa, midomo imeshonwa, na kila anayepita anakigonga kibembee kama mpira. Hakuna maelezo yoyote, pembeni kuna kibao tu "NIPIGE PICHA NIKUOTE USIKU". Mambo haya yana wenyewe jamani. Waliokuwa wakisinyaza vichwa ni Washuar na jirani zao wa misitu ya Ekuador na Peru, kwao ilikuwa ibada, inahusu roho ya aliyeuawa na kisasi. Wageni walipoanza kuvinunua kwa pupa ndo vikageuka biashara, watu wakauawa kwa ajili ya soko, na wajanja wakawa wanatengeneza vya ngozi ya nyani na mbuzi. Makumbusho ya Pitt Rivers kule Oxford yaliviondoa kwenye maonyesho mwaka 2020. Nikamuuliza muongozaji, hiki ni cha kweli au cha kutengeneza? Akajibu "vyovyote utakavyo wewe mteja". Vyovyote nitakavyo! Kama ni plastiki niambie nicheke, kama ni mtu basi huyo ni marehemu wa watu mnampiga makofi kutwa nzima.

Haya. Tukafika mlango umeandikwa AJABU LA MWISHO, USIKOSE. Watoto wakaukimbilia. Mnajua kuna nini nyuma yake? Duka. Unatokea dukani kwenye cheni za funguo na mlango unajifunga nyuma yako, upande huo hauna kitasa. Barnum nae inasimuliwa aliwahi kufanya hivihivi, aliweka kibao kinachoelekeza kwenye mlango wa kutokea ila kwa neno gumu, watu wakadhani ni mnyama fulani wakajikuta barabarani. Kwa hiyo hata huo ujanja wamekopi. Tatizo kulikuwa na chumba kizima upande wa kushoto hatujakiona, na dogo kishaanza kulia, nikarudi kwenye pazia nikamwambia yule wa risiti tumetolewa kabla ya kumaliza. Akanionyesha tangazo: kutoka ni kutoka. Nikalipa tena. Ndiyo, nililipa, msinicheke, mngekuwa mnasikia kile kilio mngelipa na nyie.

Na humo kwenye chumba cha kushoto, wakuu, ndo nikaelewa kwa nini nina hasira hivi.

Kulikuwa na ndama mwenye vichwa viwili. Wa kweli. Nimemzunguka nikainama nikamkagua nikitafuta mshono maana nilishajifunza, manyoya ya shingo yanateremka bila kukatika, macho ya bandia ndio lakini kiumbe ni kiumbe. Hawa huwa wanazaliwa kweli, ni pacha walioanza kugawanyika tumboni wakaishia njiani, wengi wanafia tumboni au siku hizohizo za mwanzo. Kitu kama hicho mtu anaweza kusimama mbele yake nusu saa. Hakina kioo. Hakina taa. Hakina hata kipande cha karatasi cha kusema alizaliwa lini na wapi. Kimesukumwa kwenye kona karibu na ndoo ya kudekia na mfanyakazi mmoja katundika kofia yake kwenye sikio la kichwa cha kulia. Tumbili wa nailoni ana taa ya kijani, huyu ana kofia!

Mpwa wangu wa kike alikaa pale kimya muda mrefu, mwisho akauliza "alikuwa ananyonya kwa kichwa gani?" Muongozaji akasema hajui, yeye sehemu yake ni ya nguva.

Dukani sasa. Kuna ndoo imejaa magamba makubwa ya wale konokono ambao watu wa zamani walikuwa wanayapuliza kama baragumu. Huyu konokono ni mmoja wa viumbe wachache wanaomla yule kiti cha pweza (samaki nyota) mwenye miiba anayetafuna matumbawe, yani anatulindia bahari, na pale kapangwa kama vikombe. Nikayashika, yanang'aa vibaya mno. Gamba lililookotwa ufukweni huwa limepauka na lina matundu, likiwa linang'aa hivo ujue mwenye nyumba alitolewa akiwa hai. Kauri nazo vilevile. Farasi wa baharini wamegandishwa kwenye plastiki ya cheni za funguo, dume ndo anayebeba mimba wale, na biashara yao ya kimataifa inadhibitiwa tangu 2004 na CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Hakuna aliyetuambia chochote, wanakuuliza tu unataka mfuko.

Halafu jamaa wa kaunta akaniinamia kwa sauti ya chini, "kaka nina ng'amba orijino hapa", akatoa kitana na bangili za gamba la kasa ng'amba kutoka kwenye droo. Nilitetemeka. Ng'amba yuko kwenye orodha ya juu kabisa ya CITES, kumvusha mpaka kibiashara marufuku, mtalii akikamatwa nayo uwanja wa ndege ni yeye anayeshika kesi na huyu wa kaunta yuko zake hapa anauza nyingine. Nikamuuliza unajua hii ni nini, akasema "ni zawadi".

Nikamtafuta bosi. Nikamwambia yote, nguva, kichwa, mlango, droo. Alinisikiliza vizuri tu, mpole, akanipa pole, akanionyesha kidole ukutani: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Nikamwambia mimi sijanunua mali. Akasema kiingilio nacho ni mali.

Sasa kumbe wakati nabishana, mpwa wangu wa kike kwa hela yake aliyotunza kaenda kununua lile gamba la baragumu kwa sababu kaambiwa sauti ya bahari imenasa humo ndani. Sikuwa na moyo wa kumwambia hata kikombe ukiweka sikioni kinavuma, ni kelele za pale ulipo tu zinazunguka ndani. Siku ya pili chumba kikaanza kunuka. Nikadhani viatu. Siku ya tatu sisimizi wamepanga mstari kutoka dirishani mpaka kwenye begi lake, tunalifungua, nyama bado imo huko kwenye kona za ndani, imeoza. Mtoto alilia, safari hii sio kwa ajili ya hela.

Tumerudi nalo kwa sababu alikataa lisitupwe. Ameliweka kwenye boksi uani, na juu ya boksi kabandika karatasi kaandika kwa kalamu ya rangi: "KONOKONO. Aliuliwa akiwa mzima. Alikuwa anakula viti vya pweza wabaya." Karatasi moja hiyo ina maelezo kuliko vyumba vyote nilivyolipia mara mbili.

Ila harufu wakuu hatulali. Nimechemsha, nimefukia kwenye mchanga siku nne, nimeloweka na dawa ya kufulia, bado. Mwenye njia nyingine aweke hapa, na asiniambie kutupa maana huyo mwenye boksi anasoma uzi huu pembeni yangu.